Chumvi ya Mtani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wanaonijua hapa Tabora wanalijua hilo, na wasionijua hulijua kabla jua halijatua. Kwa hiyo mkisikia kwamba Nassibu alimwaga kikapu kizima cha chumvi ndani ya chungu changu cha sabuni, kisha akaondoka uani kwangu kwa miguu yake mwenyewe, msidhani nilikuwa nimeokoka hasira. Ni kwamba Nassibu alikuwa mtani.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani, wakafika Uzaramo miguu imepasuka, na wenyeji wao wakawapokea kwa maji, chakula na matusi. Matusi yakazoeleka, yakawa undugu. Mzaramo akikutukana mbele za watu unamtukana na wewe, akichukua kuku wako unamwambia asisahau na mayai. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu.

Nassibu alitoka Kisarawe, akaletwa Tabora na reli. Kazi yake ilikuwa kuzigeuzia treni njia pale stesheni, na ua wake uligusana na wangu. Siku tuliyomzika mume wangu, Hilari, Nassibu alilala chali katikati ya njia ya makaburini akasema jeneza halipiti mpaka alipwe ushuru, maana marehemu alikuwa bahili na haiwezekani aende peponi bila kutoa chochote. Nililia na kucheka kwa pamoja. Nilimchukia njia nzima ya kurudi, halafu nikaona kwamba siku ile ni yeye peke yake aliyemtaja Hilari kama alivyokuwa. Hilari alikuwa bahili kweli, na nilimpenda.

Baada ya matanga, shemeji yangu Dionis, kaka mkubwa wa Hilari, aliitisha kikao. Dionis alikuwa mkulima wa Ntalikwa, pande la mtu, mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mjane hawezi kukaa mjini peke yake na mtoto, na kwamba kwake kuna nyumba na kuna shamba, nihamie huko mimi na binti yangu Tekla. Nikasema Tekla anasoma kwa masista na anafanya vizuri, na huko Ntalikwa atasoma nini? Nikasema nina kazi. Wakauliza kazi gani. Nikasema sabuni.

Walicheka. Ilikuwa wakati wa ile vita ya pili ya wazungu, sabuni za dukani zimeadimika, mtu anapanga foleni tangu alfajiri na kurudi na kipande cha kukogea mtoto. Mimi niliona hapo pana kazi, wao waliona kichekesho. Mwishowe Dionis akasema, "Haya, shemeji. Tutakuacha mpaka karanga zivunwe. Kazi ikisimama, utakaa. Isiposimama, nitakuja na mkokoteni." Nilijua atakuja. Dionis hakuwa mtu wa kutoa vitisho vya kupamba maneno.

Basi nikapika sabuni kama mama yangu alivyopika. Unachukua majivu ya maganda ya ndizi na ya karanga, unayachanganya na chokaa kidogo, unayaweka kwenye chungu kilichotobolewa chini, unayamwagia maji taratibu. Yanayochuruzika ndiyo makali. Unayapima kwa yai: likizama, bado, likielea na kuchomoza utosi, tayari. Halafu unatia mafuta. Mimi nilitumia mawese yanayokuja kwa treni ya Kigoma, mekundu, yenye harufu ya kupendeza mpaka unatamani kuyapikia maharage. Unachemsha na kukoroga, mkono huu ukichoka unahamia mwingine, mpaka mikono yote miwili inakuwa si yako.

Na kila mara nilipata uji. Sitausingizia, ulitoa povu na ulitakatisha. Lakini ulikuwa uji. Watu walikuja na makopo kuuchukua, wengine na majani ya mgomba, ukawamwagikia njiani. Mama mmoja aliuweka dirishani, mtoto wake akaulamba akidhani ni asali, akakesha akitoa mapovu na kulia. Mwingine alinirudishia kopo mbele za watu akasema, "Dada, mimi nilitaka sabuni, sikutaka mlenda." Nilimjibu, na majibu yenyewe siyaandiki hapa. Lakini nilipoingia ndani nilikaa chini nikalia, kwa sababu alikuwa amesema kweli, na huko Ntalikwa karanga zilikuwa zimeanza kung'olewa.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumatatu, nimekoroga tangu asubuhi, jasho linanitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Kando ya jiko palikuwa na kikapu cha chumvi ya Uvinza niliyoipata kwa taabu, ya kunifikisha msimu wa mvua. Nassibu akatoka kazini, akaegemea ua wake.

"Mnyamwezi, leo unapika nini?"

"Sabuni. Nenda kalale."

"Huo uji. Na uji wenyewe hamjui kuupika. Babu zenu walitembea mpaka pwani tukawafundisha kuvaa, kuoga na kula, na mpaka leo hamjajua chakula kinatiwa chumvi."

Akaruka ua. Nilidhani anakuja kuchungulia. Akainua kikapu kwa mikono miwili, akakipindua chunguni, akakipigapiga kitako ili hata chembe isibaki. Kisha akarudi nyuma hatua moja kulitazama jambo lake.

Nilikuwa na mwiko mkononi, mzito, unachuruzika uji wa moto. Niliuinua. Majirani walikuwa wameshatokeza vichwa. Nassibu akainamisha kichwa kama mtu aliyekaa kwa kinyozi, akasema, "Piga, mtani. Kesho watu wa stesheni wajue kwamba Mnyamwezi ameshindwa utani."

Nikaushusha mwiko. Nilimwambia Mungu amlipe, na amlipe kwenye tumbo. Nikaingia ndani nikafunga mlango, kwa sababu sikutaka Mzaramo yule aone machozi yangu. Chungu kizima, mawese yote yale, na chumvi ya miezi. Nilianza hata kukunja nguo zangu, nikijisemea kwamba afadhali nimkute Dionis njiani kuliko anikute nimekaa hivi.

Jua lilipopoa nilitoka nikamwage uchafu ule. Nikainama juu ya chungu. Uji haukuwepo. Juu palikuwa pameelea mapande mazito ya manjano, kama maziwa yaliyokatika, na chini yake maji tu, ya rangi ya chai. Nikayaopoa yale mapande, nikayaminya kwenye kitambaa, nikayashindilia ndani ya kasha tupu la mbao lililowahi kuwa la majani ya chai. Kesho yake nililipindua kasha. Kikatoka kitu kimoja, kikasimama. Nikakigonga kwa vidole, kikalia kama mtu anayebisha hodi.

Nilikata kipande nikampelekea Nassibu. Akakigeuza, akakinusa, akaniuliza ni nini.

"Uji wako."

"Unaona, kumbe umekosa chumvi tu," akasema, kama mtu aliyekuwa amepanga hivyo tangu mwanzo. Kisha akapeleka mkono kwenye kichwa chake akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa kizingitini. Nikacheka na mimi. Tangu Hilari afariki sikuwa nimecheka hivyo bila kulia.

Utani ni wa pande mbili. Kesho yake Nassibu akiwa kazini niliingia jikoni kwake nikachukua chumvi yake yote. Nilikuwa na mawese ya kutosha vyungu viwili tu, na mjumbe wa baiskeli alikuwa amepita asubuhi ile kuniambia kwamba karanga zimekwisha kung'olewa na shemeji anakuja Jumamosi. Nikaona nisipoteze muda. Maji ya majivu, mawese na chumvi, vyote nikavitia kwa mara moja, nikakoroga.

Mafuta yakakaa juu, maji yakakaa chini. Nilikoroga mpaka adhuhuri, nikakoroga mpaka alasiri. Nikiacha kukoroga yanaachana, kama watu waliogombana na kulazimishwa kukaa benchi moja. Hata ule uji wangu wa zamani niliutamani. Nilipiga chungu teke, nikaumia kidole, chungu kikabaki salama.

Mwalimu Alois alinikuta Alhamisi nimekaa mbele ya chungu kile nikichechemea hata katika kukaa. Alois alikuwa kijana, alifundisha hesabu na sayansi mjini, na alikuwa mmoja wa wateja wangu wa makopo. Nikamweleza yote kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyemwaga chumvi. Nilipofika mahali mapande yalipoelea, akachuchumaa ghafla, macho yanamng'aa.

"Mama Tekla, babu yako alikuwa mpagazi?"

"Alifika Bagamoyo na pembe begani. Inahusu nini?"

"Basi utaelewa haraka kuliko wanafunzi wangu." Akachukua kijiti, akachora juu ya majivu mistari mitatu mirefu iliyoshikana upande mmoja. "Haya ni mafuta. Ni misafara mitatu iliyofungwa kamba moja. Kila msafara ni wapagazi wameshikana mikono, mmoja nyuma ya mwenzake. Ni wadogo, hata hadubini haiwaoni."

"Wewe umewaonaje?"

"Sijawaona. Nimefundishwa na waliowapima."

"Endelea."

"Maji ya majivu yanakata kamba. Kila msafara unabaki peke yake, na unapewa kirangozi wa kutangulia. Kirangozi anapenda maji. Wapagazi hawayataki, wanapenda mafuta. Ndiyo maana sabuni inasafisha: wapagazi wanajichimbia kwenye uchafu wa nguo, kirangozi anavuta kwenda majini, na uchafu unakwenda nao."

Nilikitazama kijiti chake. Nimefua tangu nikiwa msichana, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ndani ya beseni langu kulikuwa na safari.

"Sasa uji?" nikauliza.

"Kirangozi anayetoka kwenye majivu ni mnene. Anataka nafasi, tena anapenda maji mno. Misafara yake haikaribiani vizuri, inateleza teleza. Ndani ya chumvi yuko ndugu yake, mdogo wa mwili. Ukitia chumvi nyingi, huyu mdogo anamwondoa yule mnene na kushika mahali pake. Hapo misafara inalala bega kwa bega, kama kuni zilizopangwa, na kitu kinakuwa kigumu. Na maji yaliyojaa chumvi hayawezi kuishikilia sabuni, yanaisukuma juu. Wapagazi ni wale wale, mama. Kilichobadilika ni nani anatangulia na wamejipangaje."

"Na jana?"

"Jana ulileta chumvi kabla kamba haijakatwa. Tena chumvi ndiyo iliyoyazuia mafuta yasichanganyike na maji, kwa hiyo kamba haikukatika kabisa."

Nikakumbuka kwamba Nassibu alikuja nikiwa nimekoroga asubuhi nzima. Mjinga yule alikuwa na wakati mzuri kuliko mimi na akili zangu.

Alois alikuwa amenogewa. Aliniambia nta ya nyuki nayo ni misafara, mirefu zaidi, iliyolala sambamba. Akasema mafuta yaliyo chini ya ngozi yangu ni misafara hiyo hiyo. Akashika ukosi wa shati lake akasema hata pamba hii ni sukari tupu, iliyoshikana mikono kwa safu ndefu mno mpaka haiyeyuki wala haina utamu.

"Basi vua nikutilie kwenye chai," nikamwambia, naye akacheka. Lakini alipokwenda niliushika mkono wangu mwenyewe nikautazama kwa muda. Nilifurahi, sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Nilifurahi kwamba vitu vina sababu.

Chumvi ilibaki kuwa tatizo. Ijumaa nikaenda kwa Nassibu kumwambia kuwa nimemmalizia chumvi bure na kwamba nahitaji nyingine. Alikuwa anakula mboga zisizo na ladha siku ya tatu. Alinitukana vizuri sana, ukoo wangu wote, mpaka mabibi. Jioni treni ya Kigoma ilipoingia akapita uani kwangu na mfuko begani aliomwomba jamaa yake wa mabehewa, akautua mlangoni. "Huu ufiche," akasema. "Jirani yangu mwizi."

Jumamosi niliwasha moto mapema. Jua lilipoanza kuchoma nikasikia magurudumu.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

"Marahaba. Nimekuja, kama nilivyosema." Dionis alikuwa na ng'ombe wawili na mkokoteni mtupu, mikono yake myeusi kwa grisi ya ekseli. Nikampa kigoda na maji, nikampa na kile kipande cha Jumatatu. Akakipima kiganjani, akakikwaruza kwa ukucha.

"Umepika wewe?"

"Nimepika mimi."

"Kipande kimoja ni bahati, shemeji. Nami siwezi kumwacha mtoto wa mdogo wangu mjini kwa sababu ya bahati."

Ningeweza kukasirika. Lakini alisema kwa upole, na ndivyo nilivyofikiri mimi pia. "Ndiyo maana nimekungoja," nikamwambia. "Hiki kilichoko motoni ni cha pili. Kaa uone."

Alikaa kidogo. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa bure wakati kuna kazi, akaanza kupakia. Akatoa jiwe langu la kusagia, akatoa sanduku la Hilari, akatoa kitanda. Nilisikia kila kitu kikigonga mbao za mkokoteni, nami siwezi kuacha kukoroga, kwa sababu kamba zilikuwa zinakatwa. Tekla alisimama mlangoni na mkoba wake wa shule, ameukumbatia. Sijawahi kuogopa kama asubuhi ile.

Nassibu naye alikuwa ameegemea ua. "Mnyamwezi, umeacha kulima, umekuwa mpagazi tena?" akamwuliza Dionis. "Naona mzigo ni ule ule, sema sasa ng'ombe wamekupunguzia."

"Na wewe reli yenu imekuleta huku kwa kuwa huko kwenu hakuna anayeweza kukuvumilia," Dionis akajibu bila kugeuka, akafunga kamba.

Nikadondosha matone ya uji kwenye bakuli la maji. Hakuna duara la mafuta lililoelea. Nikadondosha tena ili niwe na hakika kwamba kamba zote zimekatika. Nikamwita Dionis, nikampa mfuko wa chumvi.

"Tia, shemeji."

Akauangalia. "Yote hii?"

"Yote."

"Baba alitembea mpaka Uvinza kwa chumvi pungufu ya hii."

"Najua."

"Na ikiharibika?"

"Ikiharibika, kitanda kimeshapanda mkokoteni."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. Halafu akamimina, polepole, uso umekunjamana kama anamwaga maziwa ya mtoto. Nikakoroga. Kwa kitambo hapakuwa na kitu. Hata Nassibu alinyamaza, na hilo halijawahi kutokea kabla wala baada. Kisha uji ukapasuka. Palitokea nyufa, kati ya nyufa yakaonekana maji, na vipande vikaanza kupanda, kimoja, vingine, mpaka juu pote pakawa manjano.

"Inakatika," Dionis akasema kwa sauti ndogo. "Chumvi yangu imeikata."

Tuliopoa pamoja, tukaminya pamoja, akashindilia kwenye kasha kwa ngumi zake za kulimia. Tulikula ugali kwa mlenda. Alikuwa akiinuka kila mara kwenda kuligusa kasha, kama mtu mwenye ndama mgonjwa. Alasiri nililipindua juu ya ubao. Bonge likatoka zima, likasimama. Dionis akatoa kisu chake, akakata pembe, akaenda kwenye pipa la maji kunawa ile grisi. Alinawa kwa muda mrefu. Povu lilipomwisha mikononi alivigeuza viganja vyake juu, akavitazama, akavipangusa kwenye suruali.

Akaenda kwenye mkokoteni. Nilijua anakwenda kuwafunga ng'ombe. Nilijua kwamba nimepika sabuni nzuri na bado haitoshi, kwamba mtu mzima akishatoka kwake na mkokoteni harudi nao mtupu mbele ya macho ya mji mzima, tena mbele ya mtani. Nilifungua kinywa nimwombe, mimi ambaye sijui kuomba.

Alikuwa anafungua kamba. Akakivuta kitanda, akaingia chini yake, akakiinua kichwani kama babu zake walivyoinua pembe, akaja nacho mlangoni. Kikakwama. Akarudi nyuma, akakiinamisha, kikapita, na miguu mikubwa ya shemeji ikasimama katikati ya chumba changu.

"Shemeji," akasema kutoka chini ya kitanda, akihema, "hiki kilikuwa kimeelekea wapi?"

Nikamwonyesha dirisha kwa mwiko.